Pete ya Kidole Gumba: Uungaji wa Nyaya katika Kisanduku cha Mdundo wa Mguu

Utangulizi

Wahenga walinena kuwa chanda chema huvikwa pete. Aghalabu methali hii hufasiriwa kwa kuviangalia vidole vya mkono. Hata hivyo, kandokando ya Ziwa Viktoria ipo pete inayovikwa kidole gumba cha mguu, tena si kwa ajili ya urembo. Mpiga nyatiti wa Kijaluo huketi juu ya kigoda kifupi, akavaa pete ya chuma iitwayo oduong'o kwenye kidole gumba cha mguu wa kulia, kisha akaigonga fremu ya ala yake huku vidole vya mikono vikitekenya nyuzi nane. Mguuni huongeza njuga ziitwazo gara. Kwa njia hii mtu mmoja huwa mwimbaji, mpiga nyuzi na mpiga ngoma kwa wakati mmoja.

Makala haya yanakusudia kueleza namna kazi hiyo ya kale ya mguu inavyoweza kufanywa leo kwa kisanduku cha mbao chenye vinasa mtetemo ndani yake, kisanduku ambacho mchezaji gitaa wa peke yake hukikanyaga ili kupata mdundo wa besi kupitia spika. Mahali palipochaguliwa kuwa kielelezo ni soko la Chepilat, kwenye barabara ya Kericho kwenda Kisii. Uchaguzi huu una sababu. Chepilat imekaa mpakani: upande mmoja ni Sotik katika Kaunti ya Bomet, wanakoishi Wakipsigis, upande wa pili ni Borabu katika Kaunti ya Nyamira, wanakoishi Abagusii. Soko hili lilikuwa miongoni mwa yaliyoathirika katika ghasia zilizofuata uchaguzi wa Desemba 2007. Kikipsigis ni lugha ya Kiniloti na Ekegusii ni ya Kibantu; haziingiliani hata kidogo. Mwanamuziki wa upande huu anapompelekea fundi wa redio wa upande ule kazi ya kuunga nyaya, lugha iliyo kati yao ni Kiswahili. Kwa hivyo kisanduku kikikosa kulia kwa sababu maelezo hayakueleweka, kosa hilo si la fundi peke yake. Ni la lugha pia, na ni la wale wanaodai kuitumikia.

Mguu kama Ala

Wajaluo hawakuwa peke yao katika kuutumia mwili wote. Abagusii wana obokano, ala kubwa ya nyuzi nane yenye sauti nzito inayonguruma. Wakipsigis nao wana ala yao ya nyuzi yenye kikombe cha mbao na ngozi. Mashamba makubwa ya chai yalipoanza kupandwa Kericho katika miaka ya 1920, wafanyakazi kutoka Nyanza na sehemu za Magharibi walikuja kuishi katika vijiji vya mashambani pamoja na wenyeji, na muziki wao ukaja nao.

Gitaa lilipoingia, swali la mdundo lilibaki pale pale. Wachezaji wa mtindo wa omutibo huko Uluyia, akiwemo marehemu George Mukabi, walilijibu kwa chupa ya Fanta yenye mifuo, iliyokwaruzwa na kugongwa na msaidizi. Ng'ambo ya bahari, mwaka wa 1948 mjini Detroit, John Lee Hooker alirekodi wimbo kwa gitaa, sauti na kishindo cha mguu wake tu, na mguu huo ukanaswa kwa maikrofoni. Tofauti kati ya nyatiti na Detroit ni moja: kule ziwani sikio lilikuwa karibu na mguu, ilhali kule Marekani mguu ulihitaji waya ili usikike.

Mchezaji wa leo wa Chepilat yuko katika hali ya pili. Huitwa katika harusi, harambee na mikutano ya hadhara, mahali penye spika kubwa na umati. Malipo ni ya mtu mmoja. Akimwita mpiga ngoma atagawana naye, na seti ya ngoma haibebeki kwenye bodaboda. Kisanduku chenye ukubwa wa kitabu kikubwa huingia ndani ya mkoba wa gitaa. Hiyo ndiyo faida yake, na ndiyo sababu kasoro yake huumiza: kikikoroma au kikinyamaza katikati ya wimbo, hakuna mwenzake wa kumsitiri.

Kisahani cha Piezo

Kiini cha kisanduku ni kisahani chembamba cha shaba nyeupe kilichopakwa katikati tabaka la kauri maalumu. Mwaka wa 1880 ndugu wawili Wafaransa, Jacques na Pierre Curie, waligundua kwamba baadhi ya fuwele hutoa umeme zinapobanwa. Kauri hii ina tabia hiyo hiyo. Ikipindwa hata kwa kiasi kidogo mno, chaji ya umeme hujitokeza kwenye nyuso zake. Nayo ikipewa umeme, hujipinda. Saa zenye kengele, kadi za salamu zinazoimba na vitoa mlio vya mashine nyingi hutumia tabia ya pili. Kisanduku cha mdundo hutumia ya kwanza. Kwa hivyo kisahani kilichotolewa katika kitu kilichoharibika chaweza kuanza maisha mapya, mradi kauri yake haijapasuka. Wasiopata cha kuokoa hukipata katika maduka ya vipuri vya elektroniki, kama yale ya barabara ya Luthuli jijini Nairobi.

Ni muhimu kutofautisha kifaa hiki na maikrofoni. Maikrofoni hunasa mawimbi ya hewani, na kwa hivyo husikia mguu, mtoto anayelia na pikipiki inayopita. Kisahani husikia kile kilichokigusa tu. Hii ndiyo sababu makala haya yanakiita kinasa mtetemo.

Kujenga Kisanduku

Mbao ya saiprasi au mkaratusi hufaa, na miti hii miwili haiadimiki katika nchi ya chai. Viwanda vyenyewe huchoma kuni za mkaratusi kukaushia majani. Uso wa juu uwe mwembamba kiasi, milimita 6 hadi 10, ili utetemeke. Pande ziwe nene. Mbao iwe imekauka, kwani mbao mbichi hujikunja na kuking'oa kisahani mahali kilipobandikwa.

Kisahani hubandikwa chini ya uso wa juu, kwa upande wa ndani. Upande wa shaba ndio hugusa mbao, na upande wa kauri wenye nyaya huangalia chini. Gundi iwe ngumu baada ya kukauka na ienee chini ya kisahani chote, kwa sababu pengo lolote la hewa humeza mtetemo. Mahali pa kubandika huamua sauti. Katikati ya uso hutoa kishindo kizito. Karibu na ukingo sauti huwa kavu na fupi. Jambo la busara ni kukishikiza kwanza kwa utepe wa kunata, kukanyaga na kusikiliza, kisha kupaka gundi.

Juu ya kisahani, kwa upande wa ndani, hufunikwa kipande cha sponji kinachokandamizwa na ubao wa chini. Sponji huzuia kisahani kuendelea kulia baada ya mguu kuinuka. Chini ya kisanduku hupigiliwa vipande vinne vya mpira wa tairi, ule ule unaotengenezea akala. Mpira huo hufanya kazi mbili: huzuia kisanduku kuteleza, na hukitenga na jukwaa ili nyayo za wachezaji wengine zisiingie ndani ya waya.

Kuunga Nyaya

Kisahani kina nyaya mbili. Mwekundu hutoka kwenye kauri na hubeba ishara. Mweusi hutoka kwenye shaba na ndio upande wa ardhi. Jeki ya gitaa, yenye kipenyo cha milimita 6.35, nayo ina ncha na shina. Waya mwekundu hulehemiwa kwenye kiungo cha ncha, na mweusi kwenye kiungo cha shina. Wakati wa kulehemu, chuma cha moto kisikae kwenye kauri zaidi ya sekunde moja au mbili, kwani joto jingi huiua tabia yake. Afadhali kununua kisahani chenye nyaya tayari.

Wengi huweka visahani viwili ili mguu usikike hata ukiangukia kando. Hapo ndipo uamuzi wa kwanza mgumu huja. Visahani viwili vyaweza kuungwa sambamba, yaani mwekundu kwa mwekundu na mweusi kwa mweusi. Vyaweza pia kuungwa mfululizo, yaani mweusi wa kwanza ukafungwa kwa mwekundu wa pili, na nyaya mbili zilizobaki zikaenda kwenye jeki. Mfululizo huongeza nguvu ya umeme. Fundi mwenye kupenda sauti kubwa atauchagua, naye atakuwa amekosea kwa sababu itakayoelezwa hivi punde. Kwa kisanduku cha besi, sambamba ndiyo njia bora.

Fauka ya hayo, visahani viwili vinapaswa kukubaliana. Iwapo nyaya za kimoja zimegeuzwa, kimoja kitasukuma wakati mwingine unavuta, na pale uso wote unaposhuka pamoja vitafutana. Matokeo ni kisanduku kinachotoa sauti hafifu zaidi kuliko kingekuwa na kisahani kimoja. Dawa ni kuzibadilisha nyaya za kisahani kimoja na kukanyaga tena: mpangilio unaotoa kishindo kizito ndio sahihi.

Besi Hupotelea Wapi?

Malalamiko ya kawaida ya anayejaribu kisanduku kwa mara ya kwanza ni kwamba kishindo kimegeuka kuwa mdonoo wa kuku kwenye bati. Mbao ni nzuri, kisahani ni kizima, lakini besi haipo. Sababu haipatikani ndani ya kisanduku. Inapatikana kule waya unakochomekwa.

Kisahani hakitoi umeme kama betri. Hukusanya chaji kidogo, na uwezo wake wa kuihifadhi, kwa kisahani cha milimita 27, ni takriban nanofaradi 20. Kifaa kinachopokea ishara kina ukinzani wake mlangoni. Ukinzani ukiwa mdogo, chaji huvuja kabla ya wimbi refu la besi kukamilika. Mawimbi mafupi ya sauti kali hupita kwa kuwa hayahitaji kusubiri. Mpaka kati ya yanayopita na yanayovuja hupatikana kwa kugawanya 1 kwa zao la 6.28, ukinzani na uwezo wa kisahani.

Hesabu hiyo ikifanywa, fumbo hufumbuka. Mlango wa maikrofoni kwenye mikisa una ukinzani wa takriban omu 2,000. Mpaka huwa karibu Hezi 4,000. Mlango wa kawaida wa omu 10,000 huuteremsha hadi takriban Hezi 800. Mlango wa gitaa kwenye amplifaya, wenye omu milioni 1, huuteremsha hadi Hezi 8. Kishindo cha mguu huishi kati ya Hezi 50 na 120 hivi. Kwa hivyo kwenye milango miwili ya kwanza kishindo kimefungiwa nje, na kwenye wa tatu kimekaribishwa ndani.

Sasa sababu ya kuchagua sambamba inadhihirika. Visahani viwili sambamba vina nanofaradi 40, na mpaka hushuka kwa nusu. Viwili mfululizo vina nanofaradi 10 tu, na mpaka hupanda maradufu. Nguvu inayopatikana kwa mfululizo hulipwa kwa besi.

Zipo tiba tatu. Ya kwanza ni kutumia mlango wa gitaa pale ulipo. Ya pili ni kuweka ndani ya kisanduku sakiti ndogo ya kukuza ishara, yenye transista moja na betri ya volti 9, ambayo mlango wake wa kuingilia una omu milioni 1 au zaidi. Ya tatu ni ya mwenye mfuko mwepesi: kapasita moja ya nanofaradi 220 iungwe kati ya ncha na shina la jeki, sambamba na kisahani. Jumla ikiwa nanofaradi 240, mpaka kwenye mlango wa omu 10,000 huwa karibu Hezi 66. Ieleweke kwamba kapasita haiumbi besi mpya. Inachofanya ni kuzipunguza sauti kali zilizokuwa zikitawala, hadi kali na nzito zikae kwenye mizani moja. Kisha sauti ya jumla huongezwa kwenye mikisa. Kwa kuwa kisahani kikikanyagwa hutoa nguvu nyingi kuliko inayohitajika, hasara hiyo hustahimilika.

Koromo, Kishindo Kikali na Usalama

Umeme wa Kenya hubadilika mara 50 kwa sekunde, na nyaya zisizokingwa huunasa kama koromo. Kinga ya kwanza ni waya wenye kingo ya nyuzi za chuma kuzunguka waya wa kati, kutoka kisanduku hadi amplifaya. Waya wa kengele haufai. Kinga ya pili ni kuta za ndani kutandazwa karatasi ya alumini iliyounganishwa na shina la jeki. Alumini hailehemiki kwa urahisi, kwa hivyo waya hubanwa kwa skrubu. Karatasi hiyo isiguse kauri wala ncha ya jeki, la sivyo ishara yote itazama ardhini.

Teke kali laweza kutoa makumi ya volti kwa muda mfupi sana. Ili kuukinga mlango wa kifaa, diodi mbili za zena za volti 4.7 huungwa mgongo kwa mgongo kati ya ncha na shina. Kidhibiti sauti cha omu milioni 1 humwezesha mchezaji kupunguza bila kumwita fundi wa mitambo.

Jambo la mwisho ni uhai. Kisanduku chenyewe hakina umeme wa hatari, bali kimefungwa kwa waya kwenye amplifaya inayotumia volti 240. Katika hafla za uwanjani umeme huja kutoka jenereta, na mara nyingine haujaungwa ardhini. Mchezaji asimame kwa viatu vyenye soli ya mpira, asikanyage kisanduku pekupeku juu ya nyasi mbichi, na amplifaya isifunguliwe ikiwa imechomekwa.

Neno Moja, Milango Miwili

Msomaji atakuwa ameona kwamba kasoro kubwa ya kisanduku hutokea mlangoni. Hapa ndipo Kiswahili kinapoingia moja kwa moja. Neno kipaza sauti hutumiwa na wengine kwa maana ya maikrofoni, na wengine kwa maana ya spika au mtambo wote wa kukuza sauti. Mwanamuziki akiambiwa achomeke kisanduku kwenye kipaza sauti, atauchagua mlango upi? Akifuata maana ya kwanza, atachomeka kwenye mlango wa maikrofoni na kupoteza besi yote. Utata ambao darasani huonekana kuwa mfano wa somo la semantiki, uwanjani ni kazi iliyoharibika.

Mapendekezo ya makala haya si makubwa. Maikrofoni ibaki maikrofoni na spika ibaki spika, kwa kuwa maneno hayo yamekwisha kukubalika. Amplifaya au kikuza sauti itumike kwa mtambo wa kati. Kinasa mtetemo kitumike kwa kisahani, maadamu pikapu kwa Mkenya ni gari la kubebea mizigo. Ukinzani, sambamba na mfululizo ni maneno yanayojieleza yenyewe. Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili, ambayo tangu 2009 imekuwa TATAKI, imewahi kuandaa kamusi za istilahi za sayansi. Kilichopungua si orodha, bali matumizi yake mikononi mwa fundi.

Wala ukopaji usiogopwe. Mwaka wa 1950 Hugh Tracey alirekodi huko Kapkatet, kwenye barabara hii hii ya Kericho kwenda Sotik, wasichana wa Kipsigis wakiimba wimbo uitwao Chemirocha. Jina hilo ni la Jimmie Rodgers, mwimbaji Mmarekani aliyefariki mwaka wa 1933, ambaye sauti yake ilikuwa imewafikia kupitia gramafoni na sahani za santuri. Hawakungoja kamati. Walilichukua jina geni, wakalivika matamshi yao, nalo likawa lao. Istilahi za umeme zaweza kupita njia iyo hiyo, mradi ziwe na kazi ya kufanya.

Hitimisho

Makala haya yameonyesha kwamba kisanduku cha mdundo si kitu kigeni kwa Afrika Mashariki; kimechukua mahali pa oduong'o mbele ya umati mkubwa zaidi. Kujenga kisanduku ni kazi ya useremala wa kawaida, na kuunga nyaya zake ni kazi ya jioni moja. Kinachokifanya kilie vizuri ni kuelewa mambo matatu: kisahani kikazwe vyema, visahani viwili viungwe sambamba na vikubaliane, na mlango unaopokea uwe na ukinzani mkubwa au kapasita ya kusaidia.

Hakuna lolote kati ya hayo lililohitaji lugha nyingine ili kuelezwa. Mwanafunzi wa Kiswahili anayejiuliza elimu yake itamfaa nani na aende Chepilat siku ya soko, aketi kwenye kibanda cha fundi wa redio, na asikilize mteja kutoka ng'ambo ya barabara akieleza kinachoisumbua ala yake. Atasikia ni maneno gani yanatosha na ni yapi bado yanahitajika.